Marumo Gallants na biashara ya kuuza nafasi za Ligi Kuu Afrika Kusini

Mashabiki wa Yanga hawajaisahau Marumo Gallants. Tarehe 10 Mei 2023, Kwa Mkapa, Stephane Aziz Ki na Bernard Morrison waliifunga mabao 2-0 katika mechi ya kwanza ya nusu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wiki moja baadaye, huko Rustenburg, Fiston Mayele na Kennedy Musonda wakamaliza kazi, na bao la Ranga Chivaviro mwishoni mwa mchezo likawa la kufutia machozi. Yanga ikatinga fainali. Gallants ikarudi kwenye ligi ya kwao, na siku tatu baada ya kipigo kile ikashuka daraja ikiwa ya mwisho kati ya timu 16.

Kwa wengi wetu habari yake iliishia hapo. Lakini ukitazama Ligi Kuu ya Afrika Kusini msimu wa 2024–25 unaikuta Gallants ipo, tena makao yake yapo Bloemfontein, mji ambao haukuwa nyumbani kwake ilipocheza na Yanga. Haikupanda daraja. Msimu wa 2023–24 ilicheza daraja la kwanza, ikashindwa kupanda, na mwaka huohuo wa 2024 ikanunua nafasi ya Moroka Swallows, klabu ya Soweto iliyoasisiwa mwaka 1947. Swallows ikatoweka Ligi Kuu, Gallants ikakaa kwenye kiti chake. Na ile nafasi ya kwanza, iliyoshuka nayo mwaka 2023? Nayo ilipatikana kwa kununuliwa. Ilikuwa ya Bidvest Wits.

Kwa hiyo hii ni timu ya Ligi Kuu ambayo haijawahi kupanda Ligi Kuu uwanjani hata mara moja. Ukilisikia jambo hili kwa mara ya kwanza utadhani kuna mchezo mchafu umefanyika. Haukufanyika. Ni utaratibu halali, wa wazi, unaojirudia miaka nenda miaka rudi, na ukiuelewa utaelewa vituko vingi vya soka la nchi ile ambavyo ukiwa nje unaona havina kichwa wala miguu.

Kinachouzwa hasa

Ligi ya kulipwa ya Afrika Kusini, maarufu kama PSL, ilianza mwaka 1996. Ni ushirika wa wanachama 32: klabu 16 za Ligi Kuu na 16 za daraja la kwanza. Kila mwanachama ana haki ya kucheza kwenye daraja alilopo, na haki hiyo inahesabiwa kuwa mali yake. Kanuni za ligi zinamruhusu kuiuza kwa mtu mwingine, mradi uongozi wa ligi uridhie.

Anayenunua anapata nafasi ya kucheza. Jina la aliyeuza, jezi zake, uwanja wake, mashabiki wake na makombe yake si lazima vije na ununuzi huo, na mara nyingi haviji. Ni kama mtu anayeuza kizimba chake sokoni: mnunuzi anapata mahali pa kufanyia biashara, lakini wateja wa zamani hawamo kwenye mkataba.

Watu huchanganya hapa, kwa sababu magazeti husema "klabu imeuzwa" kwa mambo ambayo ni tofauti kabisa. Oktoba 2020 Sandile Zungu, mfanyabiashara, aliinunua AmaZulu ya Durban kutoka kwa familia ya Sokhela. Jina lilibaki, mji ulibaki, mashabiki walibaki, na msimu huohuo timu ikiwa chini ya Benni McCarthy ilimaliza ya pili nyuma ya Mamelodi Sundowns. Hapo kilichobadilika ni mwenye mali tu. Lakini AmaZulu hiyohiyo ilirudi vipi Ligi Kuu baada ya kushuka mwaka 2015? Mwaka 2017 klabu nyingine ya KwaZulu-Natal, Thanda Royal Zulu, ilitwaa ubingwa wa daraja la kwanza, ikapanda, kisha kabla ya kucheza hata mechi moja ya Ligi Kuu ikawauzia AmaZulu nafasi hiyo. Waliotoka jasho ni wengine, waliovaa suti ni wengine. Huko ndiko kuuza nafasi.

Kuna na aina ya tatu, ambayo si mauzo hata kidogo: mmiliki yuleyule anabadilisha jina au anahama mji. Maritzburg United ilishuka daraja mwaka 2023, mwaka uliofuata mmiliki wake akaiita Durban City na kuihamishia Durban, na mwaka 2025 ikapanda kwa jina hilo jipya.

Gallants imepitia yote matatu, ndiyo maana inafaa kutumika kama mfano.

Safari ya nafasi ya Wits

Wits ilianzishwa mwaka 1921 katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Kutokana na asili hiyo ya chuo ikaitwa Clever Boys. Haikuwa klabu ya umati kama Kaizer Chiefs au Orlando Pirates, lakini ilikuwa na heshima yake. Mwaka 1978 iliifunga Chiefs 3-2 katika fainali ya Kombe la Mainstay. Gary Bailey, aliyekuja kuwa kipa wa Manchester United, alitokea hapo. Baadaye kampuni ya Bidvest ikaweka fedha na jina lake, na mwezi Mei 2017 kocha Gavin Hunt akaipa Wits ubingwa wa ligi, wa kwanza tangu kuzaliwa kwake miaka 96 kabla.

Miaka mitatu tu baadaye haikuwepo. Mwezi Juni 2020, ligi ikiwa imesimama kwa sababu ya korona, ilijulikana kwamba nafasi ya Wits imeuzwa kwa Masala Mulaudzi, mmiliki wa Tshakhuma Tsha Madzivhandila, timu ya daraja la kwanza ya mkoa wa Limpopo inayofahamika zaidi kama TTM. Ligi ilipofunguliwa tena Wits ilicheza mechi zake za mwisho bila watazamaji, ikamaliza ya nne, na historia ya karibu miaka mia ikafungwa. Timu iliyomaliza ya nne haikushuka wala kufilisiwa na mahakama. Mwenye mali alichoka kuihudumia, basi.

Ukitaka kuona tofauti kati ya nafasi na timu, tazama wachezaji walikokwenda. Sheria ya kazi ya Afrika Kusini, kifungu cha 197, inasema biashara ikihamishwa ikiwa hai, mikataba ya wafanyakazi inahama nayo. Kwa maandishi, basi, kikosi cha Wits kingekwenda Limpopo. Kwa vitendo, wengi wa waliokuwa na soko walitafuta pa kwenda. Nahodha Thulani Hlatshwayo na Deon Hotto walitua Orlando Pirates, wengine kadhaa wakachukuliwa na Sundowns, na kocha Hunt akaenda Kaizer Chiefs. Kilichofika kaskazini ni nafasi pamoja na kikosi cha kuungaunga.

Tshakhuma ni kijiji cha Uvenda, katika mkoa wa Limpopo, upande wa kuelekea mpaka wa Zimbabwe. Kwa watu wa kule kupata timu ya Ligi Kuu lilikuwa jambo kubwa, na mimi sioni sababu ya kuwacheka kwa furaha yao. Tatizo lilikuja mapema mno. Kununua nafasi ni gharama ya mara moja, lakini kulipa wachezaji na benchi la ufundi ni gharama ya kila mwezi, na huko ndiko mambo yalikokwama. Malalamiko ya mishahara yakaanza, wachezaji wakagoma kufanya mazoezi, na Januari 2021, msimu ukiwa haujafika mwisho, Mulaudzi akaiuza timu kwa mfanyabiashara mwingine wa Limpopo, Abram Sello.

Hayo ya Januari yalikuwa mauzo ya aina ya kwanza, ya klabu nzima: timu ileile, msimu uleule, pointi zilezile, ila mmiliki mpya. Na timu hiyo iliyokuwa imegoma kwa kukosa mishahara ikaenda kutwaa Kombe la Nedbank, kombe la mtoano la kule. Tarehe 8 Mei 2021, Bloemfontein, iliifunga Chippa United 1-0 na kuchukua zawadi ya randi milioni 7. Kocha alikuwa Dylan Kerr, Mwingereza ambaye mashabiki wa Simba na wa Gor Mahia wanamjua vizuri. Ni yuleyule aliyekaa kwenye benchi la Gallants siku ya Aziz Ki na Morrison.

Baada ya kombe hilo Sello akabadilisha jina, TTM ikawa Marumo Gallants. Kwa hiyo swali la makombe linajibika hivi: Kombe la Nedbank la 2021 ni la Gallants kwa haki, maana TTM na Gallants ni klabu moja iliyobadili jina. Ubingwa wa ligi wa 2017 si wa Gallants, kwa sababu kutoka kwa Wits walichukua nafasi tu. Ubingwa huo umebaki kwenye vitabu vya kumbukumbu bila mwenyewe.

Gallants haikuwa timu mbovu, na hilo ndilo linalochanganya. Mwaka 2022 ilifika tena fainali ya Nedbank, ikafungwa na Sundowns 2-1 katika muda wa nyongeza, na kwa kuwa Sundowns ilikuwa inakwenda Ligi ya Mabingwa, Gallants ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho. Katika makundi ilikuwa na USM Alger ya Algeria, Al Akhdar ya Libya na Saint Éloi Lupopo ya Lubumbashi. Robo fainali iliitoa Pyramids ya Misri. Wakati inafanya hayo, nyumbani ilikuwa inazama. Ilikuwa imehamia Rustenburg, kwenye uwanja wa Royal Bafokeng, mbali na watu wa Limpopo waliokuwa wameanza kuizoea, na kikosi kilikuwa kinaruka na ndege Afrika nzima huku kikiwa na viporo vya ligi vya kumalizia. Nafasi iliyoanzia chuo kikuu mwaka 1921 ikashuka daraja mkoani North West mwaka 2023.

Safari ya nafasi ya Swallows

Nafasi ya pili ina ukoo wa ajabu zaidi. Moroka Swallows, Ndege wa Soweto, ni miongoni mwa klabu kongwe za watu weusi wa Johannesburg. Ilitwaa Kombe la Nedbank mwaka 2009, na miaka sita baadaye, mwaka 2015, ikashuka Ligi Kuu. Mwaka 2016 ikaporomoka tena hadi ngazi ya tatu, nje kabisa ya PSL.

Kutoka huko chini ilirudi vipi? Mwaka 2019 ilinunua nafasi ya daraja la kwanza ya Maccabi FC. Msimu huohuo wa 2019–20 ikawa bingwa na kupanda Ligi Kuu, safari hii kwa miguu yake. Msimu wake wa kwanza baada ya kurudi ilitoka sare mechi 20 kati ya 30, jambo ambalo sijui kama ni la kusifiwa au la kuonewa huruma.

Baadaye yakaja ya Tshakhuma tena, kwa majina mengine. Desemba 2023 Swallows haikufika kwenye mechi zake dhidi ya Mamelodi Sundowns na Golden Arrows kufuatia mgogoro wa malipo na wachezaji. Ligi ikaishtaki na kuitoza faini, na Januari 2024 klabu ikawafukuza kazi wachezaji zaidi ya 20. Hata hivyo ilinusurika kushuka. Ilipofika katikati ya mwaka, mwenye mali akawa na nafasi ya Ligi Kuu iliyo hai, na Sello alikuwa na timu iliyokwama daraja la kwanza. Wakafanya biashara.

Kwa nini wasisubiri kupanda?

Jibu la kwanza ni hesabu. Timu inayokuwa ya 16 inashuka moja kwa moja, na bingwa wa daraja la kwanza anapanda moja kwa moja. Ya 15 inaingia kwenye mechi za mchujo dhidi ya iliyokuwa ya pili na iliyokuwa ya tatu daraja la kwanza, na mmoja tu kati ya hao watatu ndiye anayecheza Ligi Kuu. Maana yake, kati ya timu 16 za chini, mwaka mzima wa jasho unaweza kupandisha moja tu. Tajiri aliyewekeza hapendi kusubiri kwenye foleni ya namna hiyo.

Jibu la pili ni fedha za televisheni. Mwaka 2007 SuperSport ilinunua haki za kuonyesha ligi kwa randi bilioni 1.6 kwa miaka mitano, na soka la kule likabadilika. Kila klabu ya Ligi Kuu hupata ruzuku ya mamilioni ya randi kila mwezi kutoka ligi, na ya daraja la kwanza inaambulia sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Kwa hiyo nafasi ya Ligi Kuu ina mapato hata kama uwanjani hakuna mtu. Bei ya nafasi huwa haitangazwi rasmi, lakini vyombo vya habari vya kule hutaja makumi ya mamilioni ya randi.

Ruzuku hiyohiyo ndiyo mtego. Mnunuzi anapiga hesabu kwamba fedha za ligi zitaendesha timu, akifika anakuta mishahara, ndege, hoteli na kambi vinazidi ruzuku. Klabu zenye utulivu zina mtu au kampuni ya kujazia pengo: Sundowns ina Patrice Motsepe, Wits ilikuwa na Bidvest. Asiye na wa kujazia anarudi sokoni kuuza nafasi ileile aliyoinunua juzi.

Na wanaoidhinisha ni akina nani? Maamuzi makubwa ya PSL hufanywa na baraza la wawakilishi wa klabu zenyewe. Mwenyekiti wa ligi, Irvin Khoza, ndiye pia mwenyekiti wa Orlando Pirates. Simtuhumu mtu, ila si rahisi kwa watu wenye mali inayouzika kupiga kura kwamba mali yao isiuzike.

Upande wa pili kuna FIFA. Kanuni zake zinasema haki ya kushiriki ligi ya nchi itegemee kwanza matokeo ya uwanjani, na zinakataza klabu kubadili umbo lake la kisheria, jina, makao au hisa ili kujipatia nafasi kwa namna inayoharibu heshima ya mashindano. Ukisoma maneno hayo utadhani yaliandikwa kwa ajili ya Gallants. Lakini FIFA imeviachia vyama vya nchi kusimamia ligi zao, na neno "kuharibu heshima ya mashindano" lina nafasi ya kubishaniwa. Ligi ikisema mauzo yamefanyika kabla ya msimu na timu ya 16 imeshuka kama kawaida, inaweza kudai mashindano hayakuguswa.

Desturi yenyewe ni ya zamani kuliko PSL. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Jomo Sono, aliyewahi kuichezea New York Cosmos ya Marekani, alinunua Highlands Park, klabu maarufu ya Wazungu wa Johannesburg, akaiita Jomo Cosmos. Mtu mweusi kununua klabu ya namna ile wakati wa ubaguzi wa rangi lilikuwa tukio la kujivunia, na ninadhani kumbukumbu hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya watu wa kule wasione kununua timu kuwa aibu. Jina la Highlands Park lilikuja kufufuliwa baadaye, na mwaka 2020 nafasi yake ikauzwa tena, safari hii kwa TS Galaxy ya Tim Sukazi. Galaxy hiyo mwaka mmoja kabla ilikuwa imeifunga Kaizer Chiefs 1-0 katika fainali ya Nedbank ikiwa ya daraja la kwanza.

Sisi wa huku tusijione tumesalimika. Ihefu ya Mbarali, iliyoikatia Yanga mbio zake za mechi 49 za ligi bila kufungwa Novemba 2022, tangu 2024 ndiyo Singida Black Stars, na Singida Fountain Gate ikawa Fountain Gate ya Babati. Kinachotofautisha ni kwamba Simba na Yanga zina wanachama wenye kadi na mikutano mikuu, kwa hiyo hakuna mtu mmoja anayeweza kuamka asubuhi akaiuza Yanga ihamie Mwanza. Afrika Kusini klabu nyingi ni kampuni ya mtu au familia. Shabiki ana jezi, ila kura hana.

Mauzo yakikwama

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja moja nzito: ni afadhali timu yenye njaa iuzwe kuliko ife katikati ya msimu. Ushahidi wao ni Royal AM.

Royal AM ya Shauwn Mkhize, mwanamama tajiri wa Durban anayejulikana kama MaMkhize, iliingia daraja la kwanza mwaka 2020 kwa kununua nafasi ya Real Kings. Mwaka 2021 iligombania kupanda mahakamani dhidi ya Sekhukhune United, ikashindwa, na muda mfupi baadaye ikanunua nafasi ya Bloemfontein Celtic. Celtic ilikuwepo tangu 1969, na mashabiki wake, Siwelele, walijulikana nchi nzima kwa kuimba na kucheza jukwaani hata timu ikiwa imefungwa. Mwaka mmoja tu kabla ilikuwa imefika fainali mbili, ya Nedbank na ya MTN8. Bloemfontein iliamka haina timu ya Ligi Kuu. Kule Royal AM, mwana wa mama mwenye timu, Andile Mpisane, alikuwa mwenyekiti na wakati huohuo aliingia uwanjani na jezi namba 10.

Watu walicheka, lakini msimu wa kwanza Royal AM ilimaliza ya tatu. Kisha madeni yakafika. FIFA ikaifungia kusajili kwa sababu ya deni la mshambuliaji Mserbia Samir Nurković, na mamlaka ya kodi ikaishika klabu pamoja na mali nyingine za mama huyo, ikaweka msimamizi aliyetarajiwa kuiuza ili kufidia kodi. Mauzo hayakufanikiwa. Januari 2025 ligi ikasimamisha mechi zake, na Aprili ikaifuta uanachama. Matokeo yake yote ya msimu yakaondolewa kwenye msimamo. Nafasi iliyokuwa ya Celtic haikwenda kwa mtu yeyote.

Madhara yaliwafikia wengine. Ligi ilibaki na timu 15, na ya 15 ikawa Cape Town City. Klabu hiyo ilizaliwa mwaka 2016 John Comitis aliponunua nafasi ya Mpumalanga Black Aces, timu iliyokuwa imetoka kumaliza ya nne, na mwaka huohuo ikatwaa Kombe la Telkom. Sasa ikaingia kwenye mchujo, ikashindwa, na Orbit College ikapanda.

Mimi hoja ya "afadhali kuuza kuliko kufa" naikubali nusu. Inaeleza kwa nini Swallows iliuzwa. Haielezi Wits, ambayo haikuwa na njaa, wala Celtic iliyotoka fainali mbili. Na kuna Magesi, timu nyingine ya Limpopo, iliyopanda mwaka 2024 kwa kushinda daraja la kwanza, na Novemba mwaka huo ikaifunga Sundowns 2-1 katika fainali ya Carling Knockout. Mlango wa kupanda kwa miguu ni mwembamba, lakini haujafungwa.

Soko lenyewe halijapoa. Mwaka 2025 iliuzwa SuperSport United ya Pretoria, bingwa wa ligi mara tatu mfululizo kuanzia 2008 hadi 2010. Wamiliki wapya waliihamishia Bloemfontein na kuiita Siwelele, jina la mashabiki wa Celtic. Hivyo mji ulionyang'anywa timu mwaka 2021 ukaanza msimu wa 2025–26 ukiwa na mbili za Ligi Kuu, Siwelele na Gallants, na zikikutana inakuwa dabi ya Bloemfontein, ingawa nafasi moja ilitoka Pretoria na nyingine Soweto.